Mtoto Niliyemwona Kisimani

Harufu ya udongo uliotoka chini sana haifanani na ya udongo wa shambani. Ina ubaridi ndani yake, utafikiri mtu amefungua sanduku la bibi. Wiki hii jirani yangu hapa Vwawa anachimbiwa kisima, na mimi, ambaye hata sokoni naenda kwa kusukumwa, nimesimama pale karibu asubuhi nzima nikikumbuka siku mdogo wangu Ayubu alipopotea.

Tulikuwa kijijini, kwenye mashamba ya kahawa. Mama alipotuita kula, Ayubu hakuitika. Tukamtafuta jikoni, stoo, hadi kwa jirani yetu Mama Tumaini. Mwisho nikatumwa kisimani. Nikakuta ubao wa kufunikia umesogea, na ndala yake moja iko pembeni.

Nikalala kifudifudi, nikachungulia. Jamani, alikuwemo! Kichwa kilichonyolewa, macho mawili, yuko chini kabisa, chini hata kuliko maji yenyewe. Nikapiga yowe. Naye akafungua mdomo.

"Unamwona?" Mama Tumaini aliuliza huku akikimbia.

"Namwona! Ananiangalia!"

"Mzima?"

"Anaita, ila sauti haitoki!"

Mnielewe: mapunye yalitufanya sote wawili tunyolewe siku moja.

Mama hakulia. Aliingia ndani ya nyumba, akatoka na kioo cha kunyolea cha baba. Jua lilikuwa linaishia kwenye ukingo wa kisima. Mama akalinasa kwa kile kioo, akalielekeza ndani. Mwanga ukatambaa kwenye kuta, ukapenya maji, ukafika chini. Kokoto. Jagi letu la bluu. Basi.

"Sasa huyo mtoto yuko wapi, wewe?" Mama Tumaini akanigeukia.

"Dada," sauti ikauliza nyuma yetu, "mmedumbukiza ndoo?"

Ayubu huyo, mguu mmoja peku, mashavu yamejaa kahawa mbivu alizokuwa akifyonza shambani.

Mama Tumaini alicheka hadi khanga ikamfunguka. Tangu hapo, salamu yake kwangu ikawa, "Hujambo? Na yule wa kisimani mzima?"

Nilipofika kidato cha pili, mwalimu wa fizikia alitueleza kwamba maji yaliyotulia ni kioo, na taswira hukaa nyuma ya kioo umbali uleule ambao wewe umesimama mbele yake. Wenzangu wakaandika. Mimi nikainamisha kichwa. Kumbe nilijililia mwenyewe. Kisha akaongeza: kioo kikigeuka kidogo tu, mwanga hugeuka mara mbili yake. Hapo kalamu yangu ikasimama.

Maana siku ile, Ayubu alipopatikana, Mama alikaa chini pale pale, kioo bado mkononi, na kiduara cha mwanga kikaanza kurukaruka kwenye ukuta wa nyumba: mlangoni, dirishani, juu ya bati. Mimi na Ayubu tukakikimbiza kwa viganja, tukianguka kwa kicheko. "Mama, rusha tena!"

Hakuwa anarusha chochote. Ni mkono uliokuwa unatetemeka, na ulichukua muda mrefu kutulia. Sisi tukafurahi tu kwamba mchezo hauishi.