Majina Mawili Yaliyofanana

Nilikuwa nimetengeneza programu ya kuwaandikisha wagonjwa, na hospitali moja mjini Arua ikakubali kuijaribu katika wodi ya wazazi. Niliuonea fahari ukurasa wake mweupe: majina tu, basi. Umri, anakotoka mgonjwa na kundi la damu nilivificha nyuma ya kitufe kidogo pembeni, maana niliona vinajaza skrini.

Asubuhi ya kwanza nilikaa na daftari karibu na dirisha nimtazame muuguzi akiitumia. Mama mmoja aliyetoka kujifungua akaanza kuvuja damu vibaya. Muuguzi akagusa jina lake, akachapisha karatasi yenye maelezo yake yote, akakimbilia maabara. Aliporudi alitundika mfuko wa damu, akaiweka karatasi kitandani.

Mama mkwe wa mgonjwa aliichukua, akaisoma taratibu, kidole kikifuata maneno.

"Sista, hii karatasi si ya mutu yetu. Iko inasema Inde. Sisi tunatoka Koboko."

Mkono wa muuguzi ukasimama hewani, mrija bado haujaunganishwa. Sijui nilifikaje kwenye kompyuta. Nilibonyeza kile kitufe changu: walikuwa wawili, jina lilelile herufi kwa herufi. Wa Inde, kundi A. Wa Koboko, kundi O.

"Karibu nimuue," muuguzi akanong'ona. "Nimekosea."

Nilitaka kunyamaza. Nakiri hilo. Alikwisha kujitwika lawama, wala hakuna ambaye angeniuliza. Lakini mama mkwe alikuwa ananitazama.

"Hapana, Sista. Kosa ni langu. Niliyaficha maelezo usiyaone."

Alikuwa ameshakwenda mbio kutafuta damu nyingine. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza yule mama mkwe akisali kwa Kikakwa, lugha ya kwao. Kila aliponyamaza nilidhani amemwona mkwewe akikata roho.

Damu ya kundi O ikaja. Mchana mgonjwa akaomba chai.

Jioni muuguzi alivuta kiti kando yangu. "Andika damu hapa mbele, kubwa. Majina yakifanana, iniulize ni wa wapi kabla haijachapisha."

Nikafanya alivyosema. Akajaribu, mara mbili, mara tatu. Kila mara ikamuuliza: wa Inde au wa Koboko?