Sakafu ya Lieji

Sifa zote ni za Mungu, aliyenilinda hata nywele zikawa nyeupe, akaniachia kumbukumbu bila kuniachia chuki. Nikinusa gundi ya moto ninarudi Kasongo, wakati Wabelgiji walipotutawala, katika nyumba yetu ya matofali yenye ghorofa moja ya mbao. Baba yangu alikuwa seremala. Msimu ule wa mvua mama alilala chini, katika chumba cha mbele, akiugua kifua, na muuguzi alikuwa ametukataza sisi watoto kuingia mle. Mimi na wadogo zangu wawili tulikaa juu pamoja na Shangazi, dada yake baba. Kila hatua yetu ilitikisa mbao juu ya kichwa cha mgonjwa.

Baba alitaka mama apumzike. Akaleta vitu vitatu vya kujaribu: mkeka mnene wa matete, mbao mpya za mvule, na lieji, lile gome laini la mti wa Ulaya linalotumika kutengeneza vizibo vya chupa. Vipande vya lieji vilikuwa vimebaki katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja mzungu aliyomjengea, akaruhusiwa kuvichukua. Alitandika kimoja kimoja, akashuka, akasimama mlangoni kwa mgonjwa, nami nikaagizwa nitembee kwa visigino. Mkeka ulisaidia kidogo. Mvule ulilia kuliko mbao za zamani. Juu ya lieji nilikwenda na kurudi mpaka nikajiona sina uzito. Shangazi alimtania kaka yake kwamba yeye, mtu wa kanisa asiyeonja divai, sasa atalala juu ya vizibo vyake. Baba hakucheka. Alikwisha kuchagua. Mama hakuulizwa, kwa maana kwetu mgonjwa hasumbuliwi na mambo ya nyumba.

Alibandika lieji kwa gundi ya moto siku mbili, na nyumba ikanyamaza. Siku iliyofuata mama alikataa uji, na jioni akaukataa tena. Shangazi akadhani ugonjwa umepanda. Baba aliingia kumwona, nami nilikuwa nimeketi kwenye ngazi, mlango ukiwa wazi kidogo.

“Baba Salome,” mama alisema, “watoto mumewapeleka Wamaza?”

“Hapana. Iko juu.”

“Juu hakuna mutu. Musinifiche.”

Wamaza ndiko walikokaa ndugu zake. Na desturi yetu ni kwamba mgonjwa akikatiwa tamaa, watoto hupelekwa kwa wajomba, wasione kifo. Mama alikuwa amelala siku nzima akiamini kwamba tumekwisha kuondolewa, na kwamba wote wanajua atakufa, ila yeye tu anafichwa. Baba hakujua kuwa nyayo zetu ndizo pekee mama alizobaki nazo. Alizitambua zote: Petro akikimbia, mdogo wetu Ana akiburuta mguu, na mimi, niliyetembea, kama mama alivyomwambia Shangazi, mfano wa mtu anayeshindilia udongo wa sakafu.

Baba alitoka. Alichukua patasi, akapanda, akapiga magoti, akang'oa lieji kuanzia kichwa cha ngazi hadi dirishani, upana wa hatua moja. Kisha akaniambia nitembee. Nilitembea juu ya mbao tupu, na kutoka chini ukaja mlio wa kijiko juu ya kikombe, mara tatu. Uji ukanywewa. Kuanzia siku ile, kila asubuhi baada ya sala tulipita kwa zamu, na kijiko kikatujibu.

Ikaja asubuhi moja, kabla ya mavuno ya mpunga. Petro alipita, Ana akapita, nami nikapita; kijiko hakikujibu. Nikarudi nikapita tena kwa kisigino. Baba alipanda mpaka katikati ya ngazi.

“Inatosha, Salome,” alisema.

Sikulia siku ile, wala sijui kwa nini. Nilikwenda nikakoroga uji wa wadogo zangu. Leo nyumba yangu haina ghorofa, sakafu ni ya saruji, na wajukuu wanakimbia na viatu tangu alfajiri. Majirani hushangaa kwamba siwakatazi. Ninaketi na kikombe changu, na mara nyingine mkono wenyewe huchukua kijiko.

Wewe unayesoma, Mungu akupe watu wa kutembea karibu nawe, na masikio ya kuwatambua, mpaka siku atakayokuita kwake kwa amani.