Kuonja Si Kula

Nyiransengimana hakuwa mwongo, na mtu yeyote wa mtaa wa Ndosho aliyethubutu kusema vinginevyo angeondoka kwake masikio yakimwaka moto. Ndiyo maana siku ile Sidonie, muuguzi wa kituo cha afya, alipotazama kipimo cha damu, akatazama kaye, lile daftari la chakula, kisha akamtazama yeye usoni, mama wa watu alihisi ametukanwa.

"Mama Jado," Sidonie akaanza, maana mtaa mzima humwita kwa jina la mwanawe Jean de Dieu, "damu yako na kaye yako havisemi kitu kimoja. Sukari imepanda tena. Humu umeandika bukari kidogo, lengalenga, maharagi. Mutu mwenye kula hivi hapandi hivi."

"Basi mashine yako ndiyo inadanganya."

"Mashine nimejipima nayo mimi mwenyewe asubuhi. Onyesha kidole."

Kidole chenyewe ni kile kikubwa cha mguu wa kushoto. Alikuwa amejikwaa kabla ya Pasaka kwenye jiwe la volkano hapo hapo uani kwake, jiwe analolipita kila siku, na hadi sasa kidonda kilikuwa wazi, kimetuna kando. Sidonie alikisafisha polepole, akamwambia bila kuzunguka: sukari isiposhuka kidonda hakiponi, na kisipopona hospitalini watakata. Watakata kidole kwanza, halafu wataangalia. Nyiransengimana huuza mutobe, ile juisi ya ndizi mbivu, na kazi hiyo ni ya kusimama kutwa nzima. Aliogopa. Aliogopa hata akasahau kuaga.

Na kaye hiyo, jamani, aliiandika kama mtu anayeandikia Mungu. Penseli ilifungwa kwenye kaye kwa uzi, vyote vikining'inia kiunoni juu ya kitenge. Sidonie alikuwa amemwambia usingoje jioni, jioni kichwa kinasahau kwa makusudi. Kila unachokula, andika saa ileile. Akaandika. Nusu ya avoka aliandika. Punje za karanga alizopewa na jirani aliandika, na jina la jirani juu yake. Mutobe alikatazwa, akaacha, na kila jioni aliandika kwa herufi kubwa: MUTOBE HAPANA.

Sasa njiani akawa anapiga hesabu ya moyoni. Mimi sidanganyi. Mashine, tuseme, haidanganyi. Basi katikati yangu na mashine kuna mtu. Na nani anapika nyumbani?

Olive.

Olive alikuwa mke wa Jado, binti wa Kikatoliki kutoka upande wa Bukavu, aliyeletwa nyumbani mwaka uliopita na mfuko mmoja na maneno machache. Jado mwenyewe huendesha lori, leo Rutshuru, kesho Bunagana, nyumbani anaonekana kama mvua ya Julai. Walibaki wanawake wawili na jiko moja. Olive hakuwa na kelele, hakuwa na majibu, na kwa Nyiransengimana hilo ndilo lilikuwa baya lake. Mtu mkimya ana lake moyoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakusema kwa kupenda kusema.

Hapa Goma, mtu akidhoofu bila sababu, watu hawangoji majibu ya maabara. Wanasema karuho. Ni sumu, wanasema, inafichwa chini ya ukucha, inadondoshwa kwenye kikombe, mtu anakwisha taratibu. Hakuna aliyeiona, na hakuna asiyemjua mtu aliyekufa nayo. Nyiransengimana akaanza kutazama kucha za mkamwana wake. Zilikuwa ndefu kidogo, akasema moyoni, ehee. Keshokutwa yake Olive akazikata, mama mkwe akasema moyoni, ameshtuka huyu. Akikoroga uji amegeuza mgongo, anaficha. Akikoroga amegeuka uso, anajifanya. Masikini Olive hakuwa na upande wa kusimama.

Asubuhi moja akaja Muzee Télesphore, mteja wa kila siku, karani wa zamani mwenye kofia na mdomo usiopumzika. Nyiransengimana akachota mutobe kwenye mtungi, akamimina kwanza tone katika kikombe chake kidogo cha bati, akanywa mbele ya macho ya mzee, ndipo akamjazia bilauri. Kwao ndivyo ilivyo. Mgeni hapewi kinywaji kabla mwenye nyumba hajaonja. Ni heshima, na ni kiapo pia: kama kuna kitu humu, kianze na mimi. Aliwafanyia hivyo wote, mmoja mmoja, maana siku hizi kila mtu anataka kuona kwa macho yake.

"Unakonda, Mama Jado," mzee akasema.

"Nakonda, ndiyo." Akatazama mlangoni, akainama. "Nakwambia wewe tu. Uliza anayenipikia."

Mzee akamaliza mutobe wake, akaenda. Kufika saa sita, mama mmoja anayeuza makaa kule kona alikuwa anamtazama Olive kwa jicho la upande.

Jumapili, baada ya misa, Nyiransengimana akaona imetosha. Olive alipoweka sahani mezani, hakuigusa. Akaisukuma upande wa pili.

"Onja wewe kwanza."

Olive akaiangalia sahani, akamwangalia mama mkwe. Macho yalimjaa, lakini hakulia. Alivuta kiti, akakaa.

"Naonja, Mama. Kuanzia leo naonja kila kitu. Lakini uandike."

"Niandike nini?"

"Kaye yako inaandika kila unachokula. Iandike na changu. Siku nikianguka, muganga ajue nilikula nini hapa."

"Wewe unaonja tu, hauli."

"Kikipita shingo, Mama, nimekula."

Ikawa hivyo. Kila mlo Olive alichota, akatafuna, akameza, akangoja. Nyiransengimana akaandika chini ya mstari wake: Olive, bukari na sombe. Olive, uji. Aliandika kwa haki kabisa, hata lile tone la chai. Naye akala kilekile, na siku zikapita, na Olive akawa mzima kama kawaida, ngozi inang'aa. Kwenye kipimo sukari ikapanda tena. Nyiransengimana akatoka kituoni anajiuliza. Kama chakula ni kile kile na mmoja tu ndiye anayeugua, sumu iko wapi?

Aliipata asubuhi ya soko, biashara imeshika kasi. Walikuja madereva wa moto, zile pikipiki za abiria, wakiwa kundi, wanacheka, wana haraka. Akamimina tone, akainua kikombe cha bati, akanywa, akamhudumia wa kwanza. Akamimina, akanywa, akamhudumia wa pili. Alipoinua cha tatu, mutobe ukiwa tayari mdomoni, maneno ya Olive yakamjia: kikipita shingo. Akabaki hivyo, mashavu yamejaa, madereva wanamshangaa. Kumeza hawezi, kutema mbele ya wateja hawezi, maana nani atanunua mutobe uliotemwa na mwenyewe?

Akameza. Halafu akafungua kaye na kuandika. Nimeonja mutobe. Kwa kila mteja aliyekuja aliandika hivyo hivyo: nimeonja mutobe, nimeonja mutobe, hadi ukurasa ukajaa na akalazimika kugeuza mwingine, na jua lilikuwa bado halijafika utosini.

Miezi yote hiyo hakuwa amesema uongo. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mwongo anajua alipoficha. Yeye alikuwa hajui hata kama ana cha kuficha. Nyani haoni kundule. Akapeleka kaye kwa Sidonie, na Sidonie akasoma ule ukurasa, wala hakucheka.

"Umekuwa ukinywa mtungi, Mama," akasema. "Tone kwa tone."

"Niache biashara?"

"Acha kuonja."

Kusema ni rahisi. Nani atanunua mutobe usioonjwa? Alirudi nyumbani akamkuta Olive anafua. Alizunguka uani, akahamisha ndoo isiyohitaji kuhamishwa, mwishowe akafungua ile kaye na kumwekea mbele. Olive akafuta mikono, akasoma. Akaelewa. Hakusema nilikwambia, na pengine ingekuwa nafuu kama angesema.

"Kesho," Nyiransengimana akasema, "wewe ndiye utaonja kwa wateja." Akachukua kikombe cha bati, akampa. Kwao kikombe hicho hakishikwi na mgeni. Kinashikwa na mwenye nyumba.

Asubuhi yake wa kwanza alikuwa Muzee Télesphore. Olive akamimina, akaonja mbele yake kwa adabu, akajaza bilauri na kuisogeza. Mzee hakuigusa. Akamtazama Olive kwenye kucha. Mama wa makaa naye alikuwa amesogea, anasikiliza.

"Leo wewe huonji, Mama Jado?"

"Nimekatazwa. Anaonja mkamwana wangu."

"Mm." Mzee akaisukuma bilauri kwa kidole, sentimita moja. "Lakini wewe mwenyewe uliniambia."

Kulikuwa na njia fupi. Kikombe kilikuwa pale, karibu na mkono wake, na mkono ulishaanza kwenda. Tone moja tu, mzee angekunywa, mtaa ungenyamaza, na yeye angeandika kwenye kaye kama kawaida. Olive aliuona ule mkono. Akainamisha macho.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nyiransengimana alikuwa amejikwaa vyote viwili, na huu wa pili hakuna muuguzi wa kuusafisha. Akaurudisha mkono.

"Nilikwambia uongo, Muzee. Huyu mutoto hakunifanya kitu. Aliyenitilia sumu ni mimi, kwa kikombe hiki, mbele yako kila asubuhi, na wewe ukinitazama. Yeye alionja chakula changu chote bila kosa, na mimi nikamsemea vibaya. Mwambie na huyu wa makaa. Waambie wote uliowaambia."

Ilimtoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Aliona aibu kama hajawahi kuona.

Mzee Télesphore akavua kofia, akaikung'uta. Kisha akasema, "Aonje tena."

Olive akaonja tena. Mzee akamtazama koo hadi lilipomeza, akangoja kidogo, ndipo akainua bilauri. Alikunywa, akafuta mdomo, akashukuru, akavaa kofia yake na kuondoka. Chini ya bilauri alikuwa amebakiza vidole viwili vya mutobe, yeye ambaye miaka yote hakuwahi kubakiza.

Olive akanyoosha mkono aimwage. Nyiransengimana akamzuia, akaichukua bilauri mwenyewe, akaenda kuimwaga nyuma ya nyumba, kwenye mawe. Kisha akafungua kaye ya vinavyoingia mdomoni, akatafuta mahali pa kuandika kilichotoka, na hakupaona.