Kipande cha Jeneza

Watu hudhani filamu hutoka kwenye kamera ikiwa imeiva. Thubutu! Muulize Marsiana, mhariri wa filamu wa mtaa wa Katandala. Saa tisa za picha zilizopigwa Mpui, yeye azifanye saa moja na nusu: atupe mbwa wanaobweka na waigizaji waliosahau maneno, alinganishe sauti na midomo, aweke muziki.

Safari hii kazi ilimtia uchungu. Evaristi, mwigizaji mkuu, aligongwa na lori akafa wiki tatu baada ya kurekodi. Na kwenye hadithi yenyewe alikuwa amelazwa ndani ya jeneza!

Mama yake, Rosina, akaja ofisini kwa Marsiana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, nionyeshe alivyoingia mle. Baba zake wadogo wanasema alijichuria kifo mwenyewe kwa kulala jenezani, hata misa ya kumwombea hawaji. Mimi nasema alilazimishwa."

"Bado sijakifikia kipande hicho, mama. Njoo kesho."

Uongo mtupu. Alikuwa amekitazama mara kumi. Evaristi amesimama kando ya jeneza, anatikisa kichwa: "Humo siingii. Kwetu hayo si mambo ya mchezo." Kisha sauti ya mwanamke nyuma ya kamera: "Ingia bwana wee, dakika mbili tu! Mwanaume mzima unaogopa mbao?" Watu wakacheka, naye akaona aibu, akaingia.

Sauti ile ilikuwa ya Marsiana. Siku hiyo ndiye aliyeshika maiki.

Basi, akaifuta sauti yake. Akafuta na kukataa kwa Evaristi. Pengo likabaki, akaliziba kwa maneno aliyoyatoa kwenye kipande kingine, ambapo Evaristi alikuwa anakwenda kula: "Haya, twendeni, mimi tayari." Akalainisha kiungo cha vipande hivyo viwili mpaka kisionekane. Kazi safi, nani angejua?

Kesho yake Rosina alikaa mbele ya kompyuta. Akamwona mwanawe akisema yuko tayari, akiingia jenezani. Akaomba arudishiwe. Akatazama tena, mkono mdomoni.

"Kumbe alitaka mwenyewe," alisema. "Nami nimegombana na ukoo mzima nikimtetea. Ee Mungu wangu! Nitakwenda kuwaambia walisema kweli."

Marsiana alitaka kusema ukweli. Ila woga ukamshika, woga wa kutazamwa na mama yule.

"Pole, mama," akasema.

Rosina akajifunga kanga vizuri, akashukuru, akatoka.