Mimi na Mwenzangu

Mimi ni mwoga, na naomba msomaji alijue hilo mapema asije akasema baadaye kwamba nilimficha. Mama alipenda kusema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Wangu nimeukimbiza mpaka leo, haujapungua hata unyoya. Ninalotaka kusimulia ni habari za mtu niliyemwacha nyuma nilipokuwa naukimbiza.

Mwaka wa 1990 ulipoanza nilikuwa fundi cherehani pale Sonatubes, Kigali, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, na chumba kidogo cha ndani nilichopangishwa. Mkabala nami, ng'ambo ya barabara, alikaa fundi baiskeli, Mkatoliki wa Niboye, mtu mrefu mwenye vidole vyeusi kwa grisi na subira ambayo mimi sikujaliwa. Kila saa nne asubuhi alivuka barabara kuja kunywa chai kwangu. Siku moja, kwa kutaka tu kujionyesha kuwa ni mtu mwenye asili, nilimwambia babu yangu alikuja nchi hii kwa miguu kutoka Tabora, akibeba mizigo ya wafanyabiashara wa pwani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kurudi kupaona. Akanywa chai yake mpaka mwisho. Kisha akasema, "Tabora si mbali. Na igare tutafika."

Igare ni baiskeli, na alikuwa anasema kweli yake. Kwake kila kitu kilikuwa kinafikika kwa igare. Mimi nilicheka, lakini kesho yake nilinunua daftari.

Miezi ile ilikuwa mitamu, nasema wazi. Madereva wa malori ya kutoka Tanzania walisimama Sonatubes kila siku, nami kazi yangu ikawa kuwashonea vifungo bure ili wanieleze barabara. Niliandika yote: mpaka wa Rusumo, kisha Lusahunga, kisha Kahama, Nzega na Tabora. Wapi pana kisima, wapi pana mchanga unaomeza magurudumu, wapi mtu asipite jua likishazama. Dereva mmoja aliniambia msitu wa Biharamulo una simba na majambazi, na kwamba yeye binafsi angechagua simba. Nilirudi nyumbani nimejaa hofu, na hofu ile ilinipendeza. Nilikuwa nimeichagua mwenyewe, na ilikuwa mbali.

Jumapili, yeye akitoka misa, tulipanda kilima cha Rebero kwa baiskeli ili kuzoeza miguu. Nilikuwa nimeshona mifuko ya turubai ya kuning'inia pande mbili za keria, miwili yake na miwili yangu, nikaijaza vipande vya nguo ili iwe na uzito. Yeye alipanda kilima chote akiwa amekaa kwenye tandiko. Mimi nilishuka nusu ya njia na kusukuma, nikisingizia cheni.

Mahali pa kulala sikuwa na wasiwasi napo. Kwetu Waislamu msafiri ni mgeni wa msikiti, haulizwi sana. Nikaandika barua tatu kwa maimamu wa miji mitatu ya njiani. Niliandika mimi kwa sababu Kiswahili changu ni cha kurithi na chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini chini nikaweka jina lake, na anwani ya shule ambako shemeji yake alikuwa mlinzi. Nilimwambia sanduku la shule halipotezi barua. Ukweli ni kwamba sikupenda jina langu likae kwenye karatasi inayovuka mpaka. Wakati huo hapakuwa na sababu yoyote. Niliogopa tu, kama wengine wanavyoogopa paka.

"Mimi na mwenzangu," niliandika, "tunakusudia, Mungu akipenda, kuja kwenu kwa baiskeli." Mwenzangu nilikuwa mimi. Jina langu halikuwamo popote.

Alisoma polepole, kidole juu ya mstari, akasema ni barua nzuri.

Oktoba waasi, wengi wao Watutsi, waliingia kutoka Uganda, vita vikaanza kaskazini. Mji ukabadilika kwa siku chache tu. Vizuizi vikawekwa barabarani, tukawa tunatembea na vitambulisho mkononi, na watu wakaanza kukamatwa, wengi sana, kwa sababu ambazo hakuna aliyethubutu kuziuliza. Kitambulisho chake kilisema Mtutsi. Changu, kwa jinsi babu alivyoandikishwa, hakikusema hivyo. Kabla ya hapo tulikuwa tunapita mahali kwa mahali bila kukumbuka jambo hilo. Sasa kwenye kizuizi mimi nilirudishiwa changu upesi, nikasimama pembeni kumngoja, nikitazama viatu vyangu.

Hatukuitaja Tabora tena. Chai alikuja kunywa kama kawaida.

Wiki kadhaa baadaye askari alikuja kibarazani kwangu asubuhi. Hakuwa na suruali ya kupunguza. Alisema mkubwa fulani, ambaye nilikuwa nikimshonea suti, ananihitaji ofisini mjini. Nilipovaa koti mikono yangu ilikosa matundu yake mara mbili, mimi niliyeyashona.

Mkubwa alikuwa mpole. Aliniambia kwa Kinyarwanda kwamba kuna barua zimezuiliwa posta, za kutoka Tanzania, zimeandikwa Kiswahili cha vitabuni, na yeye anajua nyumbani kwetu tunakisoma. Nizisome, nizitafsiri kwa sauti, na karani atapiga chapa. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Nikavuta kiti kabisa. Barua ya kwanza ilikuwa ya mtu anayedai mahari. Ya pili ilikuwa ya mama mgonjwa, na ya tatu ya vitambaa vilivyolowa njiani. Nilianza hata kujisikia mtu wa maana.

Ya nne ilitoka Kahama. Juu ya bahasha palikuwa na jina la rafiki yangu.

Mwandishi wake, Mungu amjalie, alikuwa mkarimu kuliko ilivyofaa kwa wakati ule. Barua yetu, alisema, imesomwa mbele ya jamaa baada ya sala, na wote wamefurahi. Wewe na mwenzako mnakaribishwa. Chumba kipo, chakula kipo, na vitanda viwili vitatandikwa. Tuambieni siku mtakayovuka mpaka ili tutume mtu awapokee njiani. Mkifika usiku msiogope, zungukeni hadi nyumba ya nyuma mpige hodi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nilizisikia sentensi zile zikitoka kinywani mwangu kwa Kinyarwanda, na kila moja ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Jamaa wamefurahi. Siku mtakayovuka mpaka. Nyumba ya nyuma, usiku. Mkubwa akauliza mwenyeji huyo anaumwa nini hata apone kwa wageni. Nikasema ni methali. Akatazama karani, na karani akapiga chapa methali.

Ningeweza kuruka mstari. Niliwaza hilo, lakini nani Kigali asiyesikia Kiswahili hata kidogo? Huenda karani alikuwa anakisikia vizuri na mimi ndiye niliyekuwa napimwa. Kwa hiyo sikuruka hata neno.

Mkubwa akaichukua barua, akaigeuza, akanirudishia.

"Na huyu mwenzake," akasema, "ni nani?"

Ilikuwa nafasi yangu. Ningesema ni mimi, mheshimiwa, ni safari ya baiskeli, daftari liko chini ya cherehani yangu, tumeandika humo visima na spoki za akiba. Alikuwa ananijua. Suti aliyovaa siku hiyo ilikuwa kazi yangu. Nadhani, na nimelidhani hili kwa miaka, angeweza kucheka.

"Barua haisemi, mheshimiwa," nikasema.

Na kweli haikusema. Nilikuwa nimehakikisha hivyo mwenyewe.

Nilirudi Sonatubes kwa miguu nikikaribia kukimbia. Rafiki yangu alikuwa pale pale ng'ambo, baiskeli ya mteja imepinduliwa mbele yake, anabana spoki. Aliponiona aliinua spana kunisalimia. Barabara ile ina upana wa hatua ishirini hivi. Nilimwinulia mkono, nikaingia ndani kwanza, kwa sababu daftari lilikuwa na mwandiko wangu.

Nilianza na daftari. Nililichana kurasa, nikafungua pasi ya mkaa, nikawa nazitia humo mbili mbili na kufunga kifuniko ili moshi usionekane. Lusahunga, Kahama, Nzega. Mteja alikuja kuchukua suruali, nikampigia pasi hapo hapo, na moto wa zile karatasi ulinyoosha mikunjo vizuri kabisa. Kisha nikaosha mikono. Kisha nikatoka kwenda kumwambia akimbie.

Baiskeli ilikuwa bado imepinduliwa. Mwenye baiskeli, mzee mmoja wa sokoni, alikuwa amesimama kando yake na kofia mkononi. Alikuwa anaangalia huku na huku. Akaniuliza kama fundi ameenda kula, kwa maana amepanda gari na watu bila kumwambia kazi itaisha saa ngapi.

Rafiki yangu alikaa ndani miezi mitano. Mke wake alikuja kuniomba niongee na mkubwa, kwa kuwa mimi ni mtu wa kwake. Nilimwambia nitakwenda. Mkubwa alikuja mara mbili kupima suti katika miezi hiyo. Nilishika pini mdomoni kama fundi anavyofanya, na mtu mwenye pini mdomoni hasemi. Mke wake huyo alinipa baiskeli ya mumewe niitunze, maana kwake aliogopa itaibiwa. Niliiweka kando ya cherehani, na mifuko yake ya turubai, nikaifunika kanga. Kila nilipokanyaga pedali ya cherehani ilikuwa pale, bega kwa bega nami.

Alipotoka alikuja saa nne, saa ya chai. Alikuwa amekonda, na vidole vyake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, vilikuwa safi. Nilitaka kulia nikashindwa, nikamkorogea sukari nyingi.

"Baiskeli yangu iko?" akauliza.

"Iko."

"Na daftari?"

"Nililichoma."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akasema nilifanya vizuri. Halafu akanieleza, bila hasira, kwamba walimuuliza kila siku habari za mwenzake. "Niliwaambia mwenzangu haiko. Niliwaambia naenda peke yangu, nimeandika mwenzangu sababu mtu mmoja anaogopesha watu." Akanyanyua kikombe. "Kuna mtu aliwasomea ile barua. Alisoma vizuri. Hakuacha hata neno."

Nilisema chai inapoa. Mpaka leo sijui kama alikuwa anajua. Nilikuwa na miaka karibu mitatu ya kumwambia, kila siku saa nne, na kila siku nilimwongezea sukari.

Mwisho wa mwaka wa 1993, watu waliposema amani imeshatiwa saini, alianza tena kupanda Rebero Jumapili. Mimi niliona watu wanaongea kwa sauti ya chini kuliko wakati wa vita, na nikaogopa amani ile zaidi. Akaja akaniambia karatasi zake zimepatikana, mke na watoto watangulie kwa basi hadi kwa ndugu huko Ngara, yeye atakwenda na igare kama tulivyopanga. Barabara aliijua yote kwa kichwa. Aliniambia twende. Nikamwambia Ramadhani iko karibu, mtu hawezi kufunga na kupanda baiskeli, tungoje Idi ipite.

Akasema sawa. Aliondoka Januari, asubuhi ya Jumatatu, mifuko imejaa. Alisimama mbele ya kibaraza changu bila kushuka, mguu mmoja chini, akanishika mkono. Hakunilaumu kwa neno lolote. Nilimtazama mpaka alipokata kona, na nakiri kwamba nilipumua kwa raha.

Idi ilipita. Siku chache baadaye nililetewa barua, na safari hii jina langu ndilo lililokuwa juu ya bahasha, limeandikwa lote, mpaka la babu. Ilitoka Kahama. Niliingia ndani nikafunga mlango ndipo nikaifungua.

Mwenzako amefika salama, aliandika imamu, na anatutengenezea baiskeli za mtaa mzima. Ametuambia wewe ndiye uliyeandika ile barua ya kwanza, nasi tulijua Kiswahili kile si cha mtu wa baiskeli. Anasema nawe utakuja, ila u mtu wa kuchelewa. Tulitandika vitanda viwili, na cha pili hatujakitandua. Usiogope kitu. Njoo upesi.

Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Nje askari wawili walikuwa wanapita, wanaongea mambo yao tu. Nikaifungua pasi, mkaa ulikuwa mwekundu, nikaitia barua ndani pamoja na bahasha na jina langu lote. Kisha nikarudi kwenye cherehani. Ilikuwa mwezi wa tatu wa 1994, na nilikuwa na suti ya mtu ya kumaliza kabla ya Aprili.