Nilimchongea mwanyumba wangu ili nibaki kwenye mashine

Nawaambia mapema ili mjue mnamsoma mtu wa aina gani: mimi ni mchongezi. Nimemfukuzisha mwenzangu nchini ili nibaki na kazi. Asubuhi kioo nakigeuzia ukutani, na sitanii.

Nafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa na kusaga mahindi hapa Sumbawanga, maeneo ya Katandala. Tulikuwa wawili, mimi na jamaa nitakayemwita Simoni. Huyu hakuwa mfanyakazi mwenzangu tu. Ni mwanyumba wangu, yaani ameoa mdogo wa mke wangu, na kazi yenyewe ndiye aliyenitafutia. Alikwenda kwa bosi akasema, "Mchukue huyu ndugu yangu, akiharibu kata mshahara wangu mimi." Mtu wa hivyo ndiye niliyemfanyia ushenzi.

Simoni alizaliwa ng'ambo, upande wa Zambia, kwa Wamambwe. Aliletwa Pito, nje kidogo ya mji wetu, kwa mjomba wake akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, akalelewa hapo, akabatizwa hapo, akaoa hapo. Makaratasi hakuwahi kufuatilia. Huku kwetu nani anafuatilia? Watu wanavuka kwenda msibani na kurudi, na Kifipa na Kimambwe tunasikilizana. Hakuna aliyemwona mgeni. Hata mimi sikumwona mgeni, mpaka tumbo liliponituma.

Bosi alileta mashine mpya. Akatuambia msimu ukiisha atabaki mtu mmoja. Mkataba hatuna, kazi zetu ni za mdomo tu. Nilijua atabaki Simoni, maana ndiye aliyeanza na bosi tangu mashine ikiwa kwenye kibanda cha mabati chakavu. Nikawaza watoto, nikawaza kodi ya nyumba, nikawaza na aibu ya kurudi kulima. Basi nikapiga simu uhamiaji. Jina langu sikutaja. Nilisema tu kuna mtu wa Zambia anafanya kazi mahali fulani na hana kibali.

Ningeishia hapo ningekuwa mbaya wa kawaida. Sikuishia hapo.

Alipoitwa, Simoni alikuja nyumbani kwangu jioni anatweta. "Mwanyumba, kuna mtu kanichoma," akasema. "Wanataka watu wa kunisemea kwamba nimelelewa Pito, ili wanielekeze nifuate taratibu nikiwa hapa hapa. Mjomba atakuja, lakini mzee anasahau sahau. Nakutegemea wewe."

Nikamwambia asijali. Mke wangu akampa ugali, akala, akatushukuru.

Kesho yake, ofisi ya uhamiaji, nikaulizwa mbele yake na mbele ya mjomba wake, "Huyu unamfahamu vipi?"

Nikajibu, "Namfahamu kazini tu. Kwao sipajui."

Kwao nimekula pilau ya harusi yake! Simoni aliniangalia, halafu akageuka kumshika mjomba mkono, kwa sababu mzee alikuwa amechanganya miaka na hawakumsikiliza tena. Wiki hiyo hiyo akavushwa mpaka wa Kasesya kurudishwa Zambia. Mkewe kabaki Pito na watoto.

Kazi nikabaki nayo. Nikaongezewa na ya Simoni, mshahara ule ule. Mjomba wake naye alishasimulia Pito nzima jinsi nilivyomkana, watu wakajua na nani aliyepiga simu, na habari ikafika mjini. Kilabuni tunakunywa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kwenye chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Nikitia wangu, wenzangu wanachomoa yao na kuinuka. Hawanitukani. Afadhali wangenitukana. Mke wangu ananipikia lakini haongei nami, na simlaumu, maana unga anaousonga umetokana na machozi ya mdogo wake.

Juzi nikamwomba bosi mkataba, nikijua sasa niko peke yangu atanipa. Akacheka. "Mkataba wa nini? Mama yako naye si wa ng'ambo? Kaa kimya ufanye kazi."

Na ni kweli. Mama yangu mzazi kazaliwa huko huko alikozaliwa Simoni, akaletwa huku kuolewa. Nilijua siku zote. Nilijua hata wakati nabonyeza namba za simu.

Nikakimbia nyumbani, maana mama tunaishi naye. Nikamkuta anapepeta ulezi. "Shikamoo mama. Mtu akikuuliza, sema ulizaliwa Pito."

Hakuitikia shikamoo yangu. Aliweka ungo chini. "Nani ataniuliza?"

"Watu wa uhamiaji, mama."

"Hao siwaogopi, wana kazi yao. Kwa Simoni hawakujileta, waliitwa na mtu." Akaniangalia moja kwa moja. "Mimi nakuogopa wewe."

Siku iliyofuata alifunga nguo zake kwenye kitenge, akaondoka kwenda kwa mdogo wangu. Nilipotaka kumbebea mzigo aliukumbatia kifuani, akasogea pembeni nipite.

Basi wewe uliyeambiwa kazini kwenu atabaki mmoja, na umeanza kumkagua mwenzako ana dosari gani, acha. Kufukuzwa kazi kunauma, lakini utakwenda kulima na watu watakuitikia salamu. Mimi kazi ninayo mpaka leo. Na mama yangu mzazi amenikimbia.