Aliyechimba Shimo

Onufri alikuwa ameshatokea katika filamu tatu za historia, na tangu ile ya pili hakushikika tena. Kila mpiga filamu aliyefunga safari mpaka jimbo la Manitoba kutafuta habari za Waukraine wa kwanza kuhamia huko alielekezwa kwake, naye alikuwa tayari siku zote, shati la darizi limepigwa pasi, machozi yako karibu. Hadithi ni ile ile. Eti babu yao alifika nyikani na shoka moja na mke mmoja, akachimba nyumba ya shimo kwa mikono yake, na humo ukoo ukanusurika na baridi ya kwanza.

Uongo mtupu. Dada yake, Yevdokia, mjane wa miaka sabini na minne, aliujua ukweli kwa sababu bibi yao Tekla ndiye aliyemlea. Miezi ile babu alikuwa kibarua wa reli, huko mbali, akarudi theluji imeshatanda na kukuta mlango, jiko la udongo na mtoto mchanga. Tekla alichimba akiwa na mimba. Mpaka anazikwa, vidole vyake viwili havikunyooka.

Filamu ya nne ilikuwa ya Myron, kijana wa Toronto aliyevaa skafu mwezi wa Julai. Alimweka Yevdokia nyuma ya kaka yake akande unga, ili mila zionekane. Onufri alipofika kwenye shoka, dada mtu uzalendo ukamshinda.

"Muongo wewe. Shimo alichimba bibi."

"Mama, naomba usiseme," Myron akamwambia kwa upole wa kuudhi. "Sauti yako inaingia. Tunahitaji mikono tu."

Jioni Yevdokia alimfuata kaka yake. "Nataka jina lake litajwe mbele za watu kabla sijafa. Basi."

"Watu wameshazoea hivi," Onufri akajibu, akaendelea kukunja shati lake.

Filamu ilizinduliwa Novemba katika ukumbi wa kanisa, watu mia na ishirini. Tekla hakutajwa. Mikono ya Yevdokia ilitokea, sauti nzito ikasema mila haifi, watu wakapiga makofi na kugeukia dirisha la jikoni, ambako Yevdokia ndiye mkuu wa akina mama wapishi. Dirisha lilikuwa limefungwa. Harufu ya vitunguu na siagi ilikuwa inawatesa tu.

Onufri akagonga, akamwita dada yake kwa jina la utotoni. "Dusia, fungua. Watu wana njaa."

"Waambie nani alichimba."

"Unaniaibisha."

"Aibu unayo miaka mingi. Leo imepata watazamaji tu."

Padri alikohoa, akaitazama sahani yake tupu. Onufri akashika kipaza sauti, akasema harakaharaka kwamba, kwa kweli, shimo alichimba bibi yao Tekla. Dirisha likafunguliwa, sinia la pirohi, vile vidonge vya unga vilivyojazwa viazi, likachungulia, linafuka moshi.

"Lakini," akaongeza, "babu ndiye aliyemwonyesha pa kuchimba."

Sinia likarudi ndani. Dirisha likafungwa.

"Mzee, sema vizuri tule," mkulima mmoja akafoka. Myron alikuwa anahangaika kuwasha kamera. Akaambiwa akae chini.

Onufri akasema tena, polepole, jasho linamtoka. Alichimba Tekla. Peke yake.

Jikoni, wapishi wakanyoosha mikono kufungua dirisha. Yevdokia akawazuia, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."